Futa Pole Pole

Risasi ya kwanza ya Chifu Chande iliingia kwenye kichuguu. Ya pili ikaifuata, na kufikia ya tano mchwa walikuwa wameshatoka nje kuuliza kosa lao. Kichuguu chenyewe kilikuwa nyuma ya ubao wa shabaha, upande wa kushoto, chini. Karatasi iliyobandikwa kwenye ubao, yenye duara jeusi ukubwa wa sahani, ilipata matundu mawili tu katika risasi kumi, na yote mawili yalikuwa pembeni.

"Bastola hii," alisema Chifu akiishusha, "ina kasoro."

Sajini Levi, mtunza silaha wa pale Garsen, aliandika matokeo kwenye daftari lake kwa mwandiko wa heshima. Koplo Kadra, mkufunzi wa shabaha, aligeuka akayatazama mathenge, vile vichaka vya miiba vilivyouzunguka uwanja, maana mtu akishikwa na kicheko mbele ya mkubwa ni heri awe na kitu cha kutazama.

Sheria ya uwanja ule ilikuwa fupi. Kila mwenye silaha ya serikali hupiga risasi kumi. Saba zikiingia ndani ya duara, anaondoka na silaha yake. Zikipungua, anapewa nafasi ya pili, kisha ya tatu. Akishindwa zote tatu, silaha inabaki ghalani na yeye anarudi nyumbani na mkanda mtupu.

Na Chande hakuwa tayari kurudi na mkanda mtupu. Lokesheni yake ina mashamba ya mpunga na migomba upande wa mto, na malisho upande wa bara. Kiangazi ng'ombe wakishuka kunywa maji, chifu ndiye husimama katikati ya wakulima na wafugaji. Aliyemtangulia, Mzee Dabaso, alisimama hapo katikati miaka ishirini na miwili na bastola hiyohiyo kiunoni. Inasemekana aliitoa mara moja tu, siku mamba alipomshika mwanamke mguu kwenye kivuko cha Wema. Risasi moja. Mwanamke yupo hai mpaka leo, anauza samaki Garsen, na mamba anazidi kurefuka kila hadithi inaposimuliwa. Chande alirithi kiti, muhuri na bastola ya mtu huyo. Kiti kilimkubali, muhuri ukamkubali. Iliyobaki ni bastola, na asingevumilia isemwe kwamba chifu Mworma aliiweza na chifu Mpokomo ikamshinda.

Kabla ya kuwa chifu, Chande alikuwa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka ishirini na sita, na ualimu ulimtoka kazini tu, haukumtoka mdomoni. Watu wa lokesheni yake walimwogopa kwa sarufi muda mrefu kabla hajapewa silaha. Mama mmoja alifika barazani akilia, "Ng'ombe yangu imepotea," akajibiwa, "Ng'ombe wangu amepotea, mama, tuendelee." Ng'ombe alipatikana baada ya siku tatu. Hakuna anayekumbuka nani alimpata, ila darasa lile la barazani linakumbukwa na wote.

Levi alikuwa mwanafunzi wake darasa la sita. Alipata kuchapwa viboko viwili kwa kuandika "mikono yake zilikuwa chafu," na ingawa sasa alikuwa na tepe za usajini na watoto wanne, viboko vile bado aliviheshimu. Hii ndiyo iliyokuwa shida ya siku ile. Risasi tano za kwanza zilikuwa zimeshamwambia Levi ukweli wote. Mtu wa mkono wa kulia akiogopa mlio, hufumba macho na kuinyakua triga kwa nguvu, na mdomo wa bastola huinama kushoto, chini. Levi alilijua hilo kama anavyolijua jina la mama yake. Lakini mwalimu hukosolewa na mwalimu mwenzake, na pale uwanjani hakukuwa na mwalimu mwingine. Basi akaikosoa bastola.

Alitoa magazini, akahakikisha chemba haina kitu, akaufungua mtutu na kuuchungulia juani. Ulikuwa mnyoofu, unang'aa mpaka unaumiza jicho. Akabadilisha risasi, akaleta za boksi jingine, huenda zile za kwanza ziliingia unyevu wa mto. Chifu akapiga tano. Kichuguu kikapata tano. Akaleta gunia la mchanga, akamwambia Chifu aegemeze mikono juu yake ili bastola isitikisike. Bastola haikutikisika, ilitulia kabisa juu ya gunia, ikainama yenyewe dakika ya mwisho, ikakisalimu kichuguu.

"Mwalimu," alisema Levi akiigeuzageuza mkononi, "hapa mbele, kwenye kinundu cha kulengea, palikuwa na nukta nyeupe. Imeenda wapi?"

"Ule ulikuwa uchafu," alijibu Chifu. "Niliufuta."

Levi aliiweka bastola mezani. Akaenda ofisini, akarudi na kichupa cha wino mweupe ule wa kufutia makosa kwenye barua, akachora nukta mpya kwa ncha ya kijiti. Kadra naye akaomba ajaribu. Alisimama, akapumua, akapiga risasi tano, na zote tano zikaingia katikati ya duara, mbili zikigusana. Akaitazama bastola, akautazama mkono wake uliokuwa unateleza.

"Bastola ni nzima, Chifu. Ila imepakwa mafuta kama chapati. Na wewe usiinyakue. Bana taratibu."

"Koplo," alisema Chande kwa upole wa mtu mwenye elimu zaidi, "wewe imekukubali kwa sababu imezoea mikono ya Kiorma."

"Mimi sijawahi kuishika kabla ya leo, Chifu."

"Mazoea ya chombo hayahitaji kushikwa. Na kuhusu namna ya kuitumia, usijali. Nilipewa na maelezo yake."

Hapo alikuwa anasema kweli. Maelezo alikuwa nayo, na alikuwa ameyaficha moyoni kama siri ya nyumba, hakumwambia Levi wala Kadra wala mkewe.

Aliyapata mwezi wa nane mwaka uliopita, siku Mzee Dabaso alipostaafu. Watu walijaa, mbuzi walichinjwa, hotuba zikasomwa. Mwishoni Dabaso aliufungua mkoba wa ngozi kiunoni, akaitoa bastola, akamkabidhi Chande mbele ya mashahidi. Akamwinamia sikioni.

"Mwalimu, hii bastola hana shida. Siri yake ni moja tu. Futa pole pole. Usiwe na haraka. Futa mpaka ikushitue."

Sasa, hapa inafaa msomaji ajue jambo moja kuhusu Dabaso na Chande. Lugha ya Waorma haina sauti ya v, na Dabaso, kama wazee wengi wa kwao, aliweka f mahali pake bila kuona hasara. Alifuka mto, alifaa viatu, alipenda fitu fizuri. Chande, ambaye miaka mingi, pamoja na ualimu, alikuwa karani wa baraza lake, hakuweza kulala na jambo kama hilo. Alimfundisha. "Weka mkono kooni, mzee. Ukisema f, koo limelala. Ukisema v, koo linatetemeka." Na Dabaso, mtu mpole, alijifunza. Ikawa kila neno lenye v likikaribia, mkono wake ulipanda kooni kwanza, kisha v ikatoka imekamilika, na karani akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Baadhi ya watu walidhani chifu ana ugonjwa wa tezi.

Kwa hiyo siku ile ya kustaafu, Chande alitazama mkono. Mkono haukupanda. Akahitimisha, kama msomi yeyote angehitimisha, kwamba f ile ilikuwa f halali. Futa. Alikwenda nyumbani akaandika kwenye kijitabu chake: *Kuifuta. Polepole. Mpaka inishtue.*

Na akaifuta. Aliifuta asubuhi kabla ya chai na jioni baada ya magharibi. Mkewe Halima ni fundi wa kushona. Vipande vyake vya vitenge vilianza kutoweka, kisha kikatoweka kichupa chake cha mafuta ya cherehani. Siku alipomkuta mumewe barazani kwao, miwani puani, akiipangusa bastola kwa kipande cha kitenge cha harusi ya mtu, alisimama mlangoni mikono kiunoni.

"Baba Tuneya, miaka thelathini nimekaa nawe, hujawahi kunifutia hata kikombe."

"Hii ni kazi ya serikali," alijibu Chande. "Nasubiri inishtue."

"Mimi umeshanishtua," alisema Halima, akarudi kwenye cherehani yake iliyokuwa inalia kwa ukavu.

Ilimshtua kweli, wiki ya pili, jua lilipoipiga na mng'ao ukamchoma macho. Chande alifurahi sana. Alidhani amefika. Ile nukta nyeupe ya mbele ndiyo iliyokuwa doa la mwisho, na aliisugua kwa ukucha mpaka ikatoka. Na nukta mpya ya Levi ya wino wa kufutia makosa nayo haikumaliza siku mbili nyumbani kwake.

Nafasi ya pili ilikuja baada ya majuma matatu. Kadra alikuwa amefikiri. Kuna njia ya zamani ya kumwonyesha mpigaji kosa lake bila kumtukana: unachanganya kwenye magazini risasi moja ya bandia, isiyo na baruti, na mwenyewe hajui ni ya ngapi. Ikifika ile, mlio hautoki, na kila mtu anaona mkono ulivyofanya. Akaiweka ya nne.

Chifu alipiga ya kwanza, ya pili, ya tatu. Akavuta ya nne. Kukasikika *tik*, kukawa kimya, na katika kimya kile watu wote waliona mdomo wa bastola ukiruka kushoto na kuinama chini, macho ya Chifu yamefumbwa, meno yamekazwa, kama mtu anayeng'olewa jino.

Levi alitazama chini. Kadra alisubiri kwa matumaini.

Chifu alifumbua macho, akaitazama bastola kwa uchungu. "Mmeona wenyewe," alisema. "Sasa imekataa hata kulia."

Siku ile aliingiza tatu. Na jioni ile akaandika barua.

Ilikuwa barua nzuri. Halima aliyesomewa alikiri hivyo. Ilikwenda Hola makao makuu, ikianza na "Ninaomba kuleta mbele ya ofisi yako" na kumalizika na "wako mtiifu," na katikati ilieleza kwamba Mzee Dabaso alikabidhi bastola iliyo mbovu, ama kwa kutojua, ama kwa kujua, na kwamba mwandishi, licha ya kufuata kikamilifu maelezo ya mtangulizi wake, ameshindwa kuifanya ipige mahali inapoelekezwa. Ile "ama kwa kujua" ilimsumbua kidogo kalamu ikiwa mkononi. Aliiacha kwa sababu bila hiyo, sentensi ilikuwa inachechemea.

Jibu lilikuja kabla ya mwezi kuisha. Ofisi iliagiza Chifu Chande na chifu mstaafu Dabaso wakutane uwanjani Garsen siku ya nafasi ya tatu. Ikionekana bastola ni mbovu, Dabaso ataeleza kwa nini alikabidhi mali ya serikali ikiwa imeharibika. Ikionekana ni nzima, na Chifu akashindwa, irudi ghalani. Mmoja kati yao alikuwa lazima aaibike, na Chande alikuwa amejipanga asiwe yeye.

Dabaso alifika kwa bodaboda kutoka malishoni, amevaa kikoi chake cha siku zote, bakora mkononi, amekonda kidogo tangu kustaafu. Alimpa mkono Levi, akamsalimu Kadra kwa Kiorma, kisha akamfuata Chande aliyekuwa amesimama kando na mkoba wake kiunoni.

"Mwalimu. Nyumbani hawajambo? Halima msima?"

"Mzima, alhamdulillahi."

"Wanasema nimekupa bastola mbofu."

"Mbovu," alisema Chande, kwa mazoea tu. Mdomo wake ulifanya kazi hiyo bila kumwuliza.

Dabaso aliupandisha mkono kooni. "Mbovu," alisema, na koo likatetemeka vizuri. Kisha akaushusha mkono, na usoni pake hapakuwa na hasira, palikuwa na huzuni, na Chande aliiona na ikamkera, kwa sababu mtu uliyemshtaki anapaswa kukasirika.

Kadra alimwuliza mzee kama angependa kuijaribu mwenyewe. Dabaso alitikisa kichwa. "Macho imekwisha, binti yangu. Hata ng'ombe yangu sasa natambua kwa kengele. Wacha Mwalimu apige, mimi nasikilisa."

Chande akasimama kwenye mstari. Watu waliokuwa hapo ni wachache, maaskari sita saba waliomaliza zamu, lakini kwake walikuwa lokesheni nzima. Alipiga ya kwanza. Kichuguu. Alipiga ya pili. Kichuguu, ambacho kwa sasa kilikuwa kimebaki nusu. Ya tatu ilipiga mguu wa ubao, na kwa siku ile hayo yalikuwa maendeleo.

Akageuka, uso umejaa jasho.

"Elekeza mbele, Chifu," alisema Kadra haraka, na bastola ikarudi kutazama ubao huku mwenye bastola akimtazama mzee.

"Mzee Dabaso. Mbele ya mashahidi. Ile siri uliyonipa siku ya kunikabidhi, irudie wasikie."

Dabaso alishangaa. "Siri ni ileile. Futa pole pole, mpaka ikushitue. Si ndiyo naona hapa? Mimi sioni ubao, lakini nasikia. Weye una haraka. Mbona hufuti?"

Katika mambo yote ambayo Chande angeweza kuambiwa siku ile, hilo lilimwuma kuliko yote.

"Sifuti?" alisema. "Mimi ndiye sifuti?"

Mkono wake wa kushoto ulizama mfukoni ukatoka na kipande cha kitenge cha Halima, chekundu chenye maua ya njano. Na pale pale kwenye mstari, mdomo wa bastola umeelekezwa mbele kama alivyoagizwa, Chifu Chande alianza kufuta. Alifuta mtutu kutoka nyuma kwenda mbele, akafuta ubavu, akafuta mpini, akafuta chini ya kidole. Alifuta pole pole, bila haraka hata chembe.

"Nafuta," alisema. "Tangu mwezi wa nane nafuta. Asubuhi nafuta, jioni nafuta. Nimemaliza vitenge vya mke wangu. Nimemaliza mafuta ya cherehani. Hata lile doa jeupe la mbele nililifuta. Sasa mwaniambia sifuti?"

Askari wale sita saba waliacha kutafuna miraa. Dabaso, ambaye aliona kitu chekundu kikienda mbele na kurudi nyuma lakini hakujua ni nini, alimwinamia Kadra akamwuliza kwa Kiorma. Kadra akamjibu kwa Kiorma, maneno machache, na alipofika mwisho wa maneno hayo alijifunika mdomo kwa ushungi wake na hakuweza kuendelea.

Mzee aligeuka. Alimtazama Chande muda mrefu, au alitazama mahali Chande alipokuwa. Kisha mkono wake ukapanda, taratibu, mpaka kooni.

"Mwalimu," alisema. "*Vuta.*"

Chande aliacha kufuta.

"Triga," alisema Dabaso, mkono ungali kooni. "Vuta triga. Vuta pole pole. Isikuambie saa gani. Ikushitue."

Aibu ilimpanda Chande kutoka nyayoni mpaka kwenye masikio, na haikuwa na haraka. Yote yalimpitia: kijitabu, vitenge, doa jeupe, Koplo Kadra aliyemwambia abane taratibu naye akamjibu kuwa ana maelezo yake. Na barua. Ile "ama kwa kujua" ilimrudia nzima nzima, na safari hii haikuchechemea.

Kitu pekee alichoweza kusema kilikuwa cha kujitetea, na alikisema kwa sauti ndogo. "Siku ile hukushika koo."

"Siku ile nilikuwa na uchungu," alisema Dabaso. "Miaka ishirini na mbili, halafu mtu anafungua mkanda anampa mwingine. Koo ilikuwa imefunga, Mwalimu. Mtu akiwa na uchungu anarudi kwa mdomo ya mama yake."

Kulikuwa na makosa matatu katika maneno hayo, na Chande hakuyasikia hata moja. Alikuwa anaikumbuka siku yenyewe: mbuzi, hotuba, na yeye akiutazama mkono wa mzee kwa makini sana, asiutazame uso.

Levi alikohoa. "Mwalimu, zimebaki saba. Na zinazotakiwa ni saba."

Chande akakirudisha kitenge mfukoni, akageukia ubao. Akavuta pumzi, akavuta triga taratibu, taratibu, na bastola iliyofutwa kwa mafuta ya cherehani tangu mwezi wa nane ikamteleza kiganjani, na risasi ikaenda zake kwenye kichuguu kumalizia nusu iliyobaki.

Kadra aliinama, akaokota vumbi, akamwonyesha ajisugue nalo kiganja na kuupaka mpini. Chande akafanya hivyo. Miezi yote ile ya usafi ikaingia vumbi kwa sekunde tatu.

Akainua tena. Hakufumba macho, au labda alifumba moja. Alivuta, akaendelea kuvuta, akadhani haitalia kabisa, na ilipolia ilimshtua mpaka visigino vikainuka. Tundu likatokea katikati ya duara jeusi. Akavuta nyingine. Ikamshtua. Akavuta nyingine, na nyingine, na kila moja ilimshtua kama ni ya kwanza, na alipomaliza alikuwa amesimama na tabasamu la mtoto aliyevuka mto mara ya kwanza.

Levi alikwenda kwenye ubao, akahesabu, akahesabu tena. Kwenye ukingo wa duara palikuwa na mchubuko wa karatasi, alama ya kibanzi kilichoruka kutoka mguu wa ubao siku ileile. Aliutazama mchubuko. Akamtazama mwalimu wake wa darasa la sita, sasa mzee, mgongo umetota jasho. Akarudi na daftari.

"Saba, Mwalimu. Umefaulu."

Askari walianza kupiga makofi. Chande aliinua mkono, ule ule uliokuwa ukinyamazisha darasa, wakanyamaza.

"Levi. Ile iliyoniteleza iko wapi?"

"Ipo kwenye kichuguu, Mwalimu."

"Na tatu za mwanzo?"

"Mbili ziko huko huko. Moja kwenye mguu wa ubao."

"Katika kumi, zimebaki ngapi?"

Levi alikuwa na umri wa miaka thelathini na sita, na alijibu akitazama vidole vya viatu vyake. "Sita."

"Andika sita," alisema Chande. "Kwa tarakimu na kwa maneno."

Miaka ishirini na sita alikuwa ametia alama ya kosa kwenye madaftari ya watoto wa watu, bila huruma na bila upendeleo, na hakuona kwa nini aanze upendeleo siku ya daftari lake. Ilimwuma. Ilimwuma zaidi kwa sababu sasa alijua kuitumia. Alitoa magazini, akamwonyesha Kadra chemba tupu, akaiweka bastola mezani kwa Levi. Levi aliipangusa vumbi la mpini, akatia saini ya kuipokea. Tangu aanze kazi ile hakuwahi kupokea silaha safi kiasi kile, na aliandika hivyo kwenye safu ya maelezo.

Walitoka wawili, Chande na Dabaso, wakifuata njia iliyokatwa katikati ya mathenge kuelekea barabara kuu. Mzee alikwenda taratibu kwa sababu ya macho, na Chande akapunguza mwendo. Mkanda wake ulikuwa mwepesi upande mmoja, na kila hatua aliuhisi.

"Nilikuandika vibaya, mzee," alisema hatimaye. "Barua iko Hola, imegongwa muhuri. Nakuomba radhi. Sijui nianzie wapi kuirekebisha."

Dabaso alisimama. Aliegemea bakora kwa mikono yote miwili, na hakuna mkono hata mmoja uliopanda kooni.

"Ni rahisi," alisema. "Futa kutoka Hola. Halafu futa."

Chande aliyasikia yote mawili, la v na la f, kila moja mahali pake, na hakusahihisha hata moja.

"Nitafanya hivyo," alisema, akamshika mzee mkono kumvusha barabara.